Wembe Usiwe Ule Ule



Washabiki wa mpira wana msemo wao. Timu yao ikishinda leo na kesho, husema, "Wembe ni ule ule." Maana yake ni kwamba aliyekuja jana alinyolewa, na atakayekuja kesho naye atanyolewa vile vile. Huo ni utani mzuri wa uwanjani. Lakini nyumbani na kwa kinyozi, wembe ukiwa ule ule kwa kila mtu, utani unakwisha. Hapo maradhi yanaanza.

Leo tuzungumze juu ya nyembe za zamani. Nasema zile nyembe za kukunja na zile mashine za kunyolea ambazo wazee wetu walituachia, pamoja na makasha yake. Nyumba nyingi zinazo. Wengine wanaziacha zinaliwa na kutu. Wengine bado wanawanyolea watu wa ukoo mzima. Mimi nasema makundi yote mawili yanakosea. Nitaeleza kwa nini.

SIKU YA KUONDOA MATANGA

Nilikuwa katika nyumba moja hapa Ruaha Mbuyuni. Mbele ya nyumba ile inapita barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Nyuma yake kuna mashamba ya vitunguu. Mzee mwenye nyumba alikuwa amefariki. Siku hiyo matanga yalikuwa yanaondolewa, na wafiwa walikuwa wananyolewa nywele.

Shangazi yao, dada wa marehemu, alitoka chumbani ameshika kasha dogo la ngozi nyeusi. Ndani yake mlikuwa na wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe. Aliufunua mbele ya watu. Wembe uling'aa.

"Wembe huu alinyolea babu yenu," alisema Shangazi. "Baba yenu naye alinyolea huu huu. Leo utawanyoa ninyi."

Wafiwa wa kunyolewa walikuwa kumi na wanne. Beseni la maji lilikuwa moja. Wembe ulikuwa mmoja. Katika wale kumi na wanne alikuwamo mtoto mwenye mapunye kichwani, na kijana mmoja mwenye kidonda nyuma ya sikio.

Niliona hatari. Lakini nasema kweli, nilinyamaza. Niliogopa kuonekana mgeni anayevunja mila ya watu siku ya msiba. Aliyesema alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa marehemu. Alipiga magoti, akasema, "Shikamoo, Shangazi. Naomba ruhusa niseme neno moja. Wembe huu ni wa heshima. Lakini damu ya mtu mmoja isiingie kwa mwenzake."

Shangazi alikasirika. "Uchafu uko wapi hapa? Kila mwaka naupaka mafuta. Tazama unavyong'aa!"

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye jambo la leo. Shangazi alisema kweli. Wembe ulikuwa unang'aa. Lakini kung'aa si usalama.

JICHO HALIONI VIJIDUDU

Kunyoa hukata ngozi. Mara nyingine mkato ni mdogo sana hata mtu hasikii maumivu. Damu kidogo inabaki kwenye makali au katika matundu ya kutu. Mtu wa pili akinyolewa, damu ile inaweza kuingia katika mkato wake. Damu ya kutosha kuambukiza inaweza kuwa ndogo hata jicho lisiione.

Ni maradhi gani huweza kupita kwa njia hii? Tuyataje.

La kwanza ni homa ya ini aina ya B. Kirusi chake ni kigumu. Kinaweza kuishi nje ya mwili, hata katika damu iliyokauka, kwa siku saba au zaidi. Kwa hiyo wembe ulionyolea mtu Jumapili unaweza kumwambukiza mwingine Ijumaa. Watu wengi wenye kirusi hiki hawajisikii wagonjwa kwa miaka mingi, huku ini lao likiharibika polepole. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya ugonjwa huu mwaka 2002. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.

La pili ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tunajua kwamba njia kubwa ya kuambukizwa ni kujamiiana. Tunajua pia kwamba kirusi chake hakidumu sana nje ya mwili. Lakini kumnyoa mtu sasa hivi, kisha kumnyoa mwingine papo hapo kwa wembe wenye damu mbichi, ni kucheza na moto.

La tatu ni maradhi ya ngozi, kama mapunye na majipu. Haya hupita kwa wembe, kwa kitana na kwa taulo.

La nne ni pepopunda. Hapa watu wengi hukosea. Husema pepopunda inaletwa na kutu. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Kutu hufanya chuma kiwe na matundu, na uchafu hujificha humo. Wembe unaong'aa, ukiwa umegusa udongo, unaweza kuleta pepopunda vile vile. Ndiyo maana wembe wa zamani usikate kitovu cha mtoto hata siku moja. Mama ajifungulie katika zahanati au kituo cha afya, ambako vifaa ni safi.

Na tusisahau chale na tohara. Wembe mmoja usichanje watu wawili. Wembe mmoja usitahiri watoto wawili. Mganga akiwa na sifa kubwa namna gani, damu haijui sifa.

"TUUCHEMSHE, BASI"

Turudi matangani. Baba mdogo mmoja alisema, "Kama ni vijidudu, tuuchemshe wembe, kisha tunyoe."

Neno lake si baya. Maji yanayochemka kwa dakika ishirini huua vijidudu vingi, vikiwamo virusi niliovitaja. Lakini fikiri. Watu ni kumi na wanne. Je, utachemsha dakika ishirini baada ya kila kichwa? Nani atashika saa? Baada ya mtu wa tatu, watu watachoka, na wembe utachovywa tu katika maji ya uvuguvugu.

Tena kuna jambo la pili. Kuchemsha kunaharibu wembe wa zamani. Mpini wa pembe au wa mti hupinda na kupasuka. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nayo huua vijidudu, lakini inakula chuma na kuondoa ule weupe wa juu. Basi ona jinsi mambo haya mawili yanavyopingana. Ukitaka wembe wa babu uwe salama kwa watu wengi, utauharibu. Ukitaka uudumishe, usiwanyolee watu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wembe wa urithi utunzwe kama kumbukumbu. Kunyoa kufanywe kwa wembe mpya, mtu mmoja wembe mmoja.

Simkatazi mzee mwenye wembe wake wa kukunja anayejinyoa mwenyewe ndevu zake. Huyo aendelee. Wembe ni wake na damu ni yake. Ninalokataza ni kumwazima mwingine, awe mwanawe au rafiki yake wa miaka hamsini.

Baba mdogo aliuliza tena, "Nyembe kumi na nne nani atazilipa?" Ni swali la haki. Lakini bei ya wembe mmoja wa dukani ni ndogo kuliko bei ya soda moja, na siku ile kreti za soda zilikuwa zimepangwa ukutani. Kijana alitumwa dukani. Alirudi na nyembe kumi na nne, kila mmoja katika karatasi yake.

Kasha la marehemu liliwekwa juu ya kanga safi katikati ya watu. Kila mfiwa aliligusa kwa mkono, kisha akaenda kunyolewa kwa wembe wake. Mila haikuvunjika. Wafiwa walinyolewa na marehemu aliheshimiwa.

Shangazi alikaa kimya mpaka jioni. Halafu aliniita, akaniuliza, "Sasa wembe huu niutupe?"

Hapana, Shangazi. Usiutupe. Sikiliza.

KWA NINI TUZITUNZE

Nyembe hizi zinaeleza habari zetu. Zamani wahunzi wa Kiafrika walifua nyembe wenyewe. Nchi yetu ilikuwa na mafundi wa chuma. Wafipa, kwa mfano, wanajulikana kwa tanuru zao ndefu za kuyeyushia chuma. Baadaye zilikuja nyembe za kukunja kutoka Ulaya. Ukiutazama wembe karibu na mpini, unaweza kuona jina la mji limegongwa pale. Solingen ni mji wa Ujerumani, na Sheffield ni mji wa Uingereza. Miji hii miwili imejulikana kwa visu na nyembe kwa muda mrefu.

Kisha ikaja mashine ya kunyolea yenye kiwembe chembamba cha kutupwa. King Camp Gillette wa Marekani alianza kuziuza mwaka 1903. Mwaka huo wa kwanza aliuza mashine 51 tu na viwembe 168. Baadaye zilienea dunia nzima. Vita ya Kwanza ya Dunia ilizieneza sana, kwa sababu askari walipewa. Wazee wetu nao walizifahamu, kazini, mjini, na wengine jeshini. Askari wa Afrika Mashariki walipigana mpaka Burma katika Vita ya Pili ya Dunia.

Mkoa wetu wa Iringa unajua thamani ya kutunza kitu cha kale. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na limetunzwa Kalenga. Mjini Iringa, boma la zamani la Wajerumani limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016. Wembe wa babu yako haufikii ukubwa huo. Lakini katika nyumba yako, wewe ndiwe mtunza makumbusho.

KABLA YA KUSAFISHA

Fanya kazi hii mchana, penye mwanga. Kaa mezani au juu ya mkeka. Tandika kitambaa. Watoto wasiwe karibu. Waswahili husema, mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo ina mafunzo yake, lakini sisi wa safu ya afya tunasema usimpe.

Uchukulie wembe wa zamani kama wenye damu, hata kama huioni. Kama una kidonda mkononi, mwachie mwingine kazi hii, au vaa glovu za mpira.

Tayarisha vitu hivi: maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani, vitambaa viwili laini vya pamba, na mafuta ya cherehani. Ukimaliza, mswaki na vitambaa hivyo visitumike tena kwa kazi nyingine.

WEMBE WA KUKUNJA

1. Ufungue polepole. Vidole visipite mbele ya makali.

2. Lowanisha kitambaa kwa maji ya sabuni. Futa wembe kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Usifute kwa kufuata urefu wa makali, utajikata.

3. Usiuloweke katika maji. Maji yakiingia penye ekseli ya mpini, kutu itaanza ndani usikoona. Mpini wa pembe au mti utavimba.

4. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, halafu kausha mara moja kwa kitambaa kikavu. Uache wazi kivulini mpaka ukauke kabisa.

5. Kama kuna kutu kidogo, paka mafuta ya cherehani. Acha usiku kucha. Asubuhi sugua taratibu kwa kitambaa. Rudia siku nyingine kama haijatoka.

6. Usitumie msasa, mchanga, majivu wala jiwe. Hivi vinakwangua chuma na kufuta maandishi. Usitumie ndimu. Ndimu huondoa kutu, lakini pia hula chuma.

7. Mwisho paka mafuta kidogo sana kwenye wembe wote na tone moja kwenye ekseli. Mafuta mengi hukusanya vumbi, na vumbi la Ruaha Mbuyuni tunalijua.

Alama nyeusi za zamani zikibaki, ziache. Huo ni uzee wa chuma. Mzee hahitaji kuwa kijana ndipo aheshimiwe.

MASHINE YA KUNYOLEA

1. Fungua mpini. Mara nyingi utakuta ndani kiwembe kilichosahauliwa miaka mingi. Kishike kwa pande zake mbili fupi zisizo na makali, au kwa koleo. Usijaribu kukitumia. Kitupe kwa njia nitakayoeleza.

2. Osha vipande vya chuma kwa maji ya sabuni na mswaki. Sabuni ya zamani hujificha katika nyuzi za skrubu. Isugue mpaka itoke.

3. Ukiona uchafu wa kijani, ujue chini kuna shaba. Weka tone la mafuta, subiri, kisha uuondoe kwa kijiti cha mti laini. Usitumie msumari.

4. Usisugue kwa waya wa sufuria. Mashine nyingi zimepakwa juu ngozi nyembamba ya chuma cheupe, au hata ya dhahabu. Ukiiondoa hairudi.

5. Kausha kila kipande peke yake. Tia tone la mafuta kwenye skrubu. Unganisha bila kukaza sana, na bila kiwembe ndani.

KASHA LAKE

Watu wengi husafisha wembe na kulisahau kasha. Lakini kasha ni nusu ya urithi. Wembe usio na kasha ni kama mzee asiye na nyumba.

Kasha la ngozi, la karatasi ngumu, au lenye kitambaa cha mahameli ndani lisiguswe na maji. Gundi itaachia na kitambaa kitatoa rangi. Lifungue, liinamishe, lipanguse vumbi kwa brashi laini kavu. Likiwa na ukungu, lipeleke nje ya nyumba, lipanguse, kisha liache wazi kivulini penye upepo. Usiliweke juani mchana kutwa. Jua letu la bondeni hukausha ngozi mpaka ipasuke.

Kasha la bati lifutwe kwa kitambaa kikavu, lipakwe mafuta kidogo kwa nje.

Usifunge wembe wenye unyevu ndani ya kasha. Ngozi hushika unyevu, na wembe utapata kutu huku umefungwa vizuri. Ufunge kwanza katika kitambaa safi cha pamba kilichoguswa na mafuta kidogo, kisha uuweke ndani.

Angalia mpini pia. Baadhi ya mipini ya zamani ni ya plastiki ya kwanza kwanza, ambayo hushika moto upesi. Ikizeeka hutoa harufu kali ya uchungu, na harufu hiyo huleta kutu. Wembe wa namna hiyo usifungiwe pamoja na vingine. Uuweke peke yake penye hewa, mbali na jiko na kibatari.

MAHALI PA KUWEKA

Usiuweke bafuni. Kuna unyevu. Usiuweke juu ya jiko. Kuna moshi na joto. Usiuchomeke kwenye makuti au katika ufa wa ukuta wa udongo. Mchwa watakula kasha, na wembe utamwangukia mtu. Usiuweke chini ya godoro.

Uweke katika sanduku lenye kufuli, juu, mahali pakavu, mtoto asipofika. Ufungue uutazame mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza iwe mwezi wa Novemba, kabla ya mvua. Mara ya pili iwe mwezi wa Mei, mvua zikiisha. Ukiona kutu mpya, fanya tena kama tulivyosema.

Na sasa kuna kazi moja ambayo wewe, ndugu uliyejifunza kusoma na kuandika, unaiweza kuliko fundi yeyote. Chukua karatasi na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa sababu wino ukipata unyevu hutawanyika. Andika wembe huu ulikuwa wa nani. Andika aliupata wapi, na mwaka gani kama unaujua. Andika uliachiwa nani. Chini yake andika kwa herufi kubwa: USINYOLEE MTU. Kunja karatasi, iweke ndani ya kasha. Bila karatasi hiyo, wajukuu wataona chuma tu. Na mmoja wao atataka kunyolea.

NYEMBE ZILIZOTUMIKA

Usitupe wembe uliotumika uani, jalalani, wala shambani. Hapa kwetu watu hupandikiza miche ya vitunguu kwa mikono, miguu ikiwa mitupu ndani ya maji ya mfereji. Wembe uliomo katika tope hauonekani mpaka umekata.

Chukua kopo la bati lenye kifuniko. Toboa ufa mwembamba juu. Kila wembe uliotumika uingize humo. Kopo likijaa, ligonge ufa uzibe, kisha litumbukize katika choo cha shimo kirefu. Yule mtoto anayeokota vitu jalalani anaweza kuwa wa kwako.

Ukikatwa na wembe wa mtu mwingine, usinyonye kidonda wala usikiminye. Osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI ianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Uliza pia juu ya chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini. Usisubiri kuumwa.

Ukienda kwa kinyozi, mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako. Hakuna aibu. Kinyozi mwerevu hatakasirika. Akikasirika, nywele zako zinaweza kusubiri. Hata ile mashine ya umeme hukwangua ngozi, kwa hiyo muulize anaisafishaje baada ya kila mtu. Kupitisha haraka katika moto hakutoshi.

MWISHO

Wengi wetu tumesikia habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kampeni ile ilituachia somo moja kubwa. Watu wakielewa sababu, hubadili desturi wenyewe, bila kusukumwa na bila kudharau wazee wao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile. Baada ya siku chache nilipita tena pale. Shangazi alikuwa amekaa barazani na chupa ya mafuta ya cherehani. Kasha lilikuwa wazi kivulini. Alinionyesha karatasi. Aliandika mwenyewe kwa penseli, herufi moja moja, jina la baba yake na jina la kaka yake. Chini alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Umepumzika. Usinyolee mtu."

Niliona hakuna la kuongeza.

Basi, ndugu msomaji, leo jioni fungua sanduku. Utazame wembe wa mzee wako. Usafishe, ukaushe, upake mafuta, uandikie jina, uufunge. Kesho, ukitaka kunyoa, nenda dukani ukanunue wembe wako. Tuwaachie wa uwanjani msemo wao. Nyumbani kwetu wembe usiwe ule ule.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wembe unaong'aa unaweza kuwa na hatari?

2. Katika ukoo wenu, ni shughuli gani zinazotumia wembe mmoja kwa watu wengi? Mtazibadili vipi bila kuvunja heshima ya mila?

3. Kwa nini wembe wa zamani usifungwe ndani ya kasha la ngozi ukiwa na unyevu?

4. Nyembe zilizotumika kijijini kwenu hutupwa wapi? Nani atatengeneza kopo la kwanza?